Umbali si mwendo

Umbali wa safari ya ndege ni kipimo cha njia fupi kabisa, juu ya uso wa dunia, kati ya kiwanja kimoja na kingine. Muda wa safari ni habari nyingine. Nilidhani hilo halihitaji maelezo, mpaka wiki jana mgeni wetu alipopiga simu kutoka Mombasa kuuliza Nairobi ni umbali gani kwa ndege, na binamu yangu akamjibu, "Dakika arobaini na tano tu." Sijui ni mara ya ngapi sasa.

Simlaumu sana, maana lugha yenyewe imemponza. Mwendo limetoka kwenye kwenda, nasi tumelibebesha mizigo mitatu: safari, kasi na umbali. Nyanya zetu walisema shamba liko mwendo wa saa mbili na kila mtu akaelewa, kwa kuwa wote walikwenda kwa miguu, na miguu haipitani sana. Masafa ndilo neno la umbali hasa. Asili yake ni Kiarabu, na wanaleksikografia wa kale wa lugha hiyo walilihusisha na kitenzi cha kunusa: kiongozi wa msafara akipotea jangwani alichota mchanga akaunusa, ajue kama bado yuko njiani. Neno tamu hivyo, tumewaachia watu wa redio!

Ndege haina miguu. Kati ya JKIA, kiwanja cha Jomo Kenyatta pale Embakasi, Nairobi, na kiwanja cha Moi, Mombasa, kuna kama kilomita 420 za angani. Kwa barabara ni karibu 480. Hizo 420 hazipungui hata rubani awe na haraka ya namna gani. Zinazocheza ni dakika. Zile 45 ni za hewani, tangu magurudumu yaache ardhi hadi yaiguse tena. Tiketi huonyesha saa moja hivi, kwa kuwa mashirika huhesabu tangu kabari zitolewe magurudumuni hadi ndege iegeshwe upande wa pili, na humo mna kujikokota chini na kungoja zamu ya kuruka. Tazama safari ya moja kwa moja ya Nairobi na New York, iliyoanza Oktoba 2018: kwenda kama saa 15, kurudi kama 14. New York haikusogea. Ni upepo wa juu, unaovuma kutoka magharibi, unaoisukuma ndege ikirudi.

Na foleni ya Barabara ya Mombasa, jijini Nairobi, haimo katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Basi binamu, ukiulizwa tena umbali, toa kilomita. Ukipenda kutoa dakika, taja ni za kutoka wapi hadi wapi. Mgeni wetu alitoka Nyali, Mombasa, akielekea mji wa Kikuyu, nje ya Nairobi, na tulipompakulia chakula zilikuwa zimepita saa tano na nusu tangu afunge mlango wake.