Cheti cha Afya cha Samaki Hakianzii Maabara

Malalamiko yanayotufikia siku hizi kutoka mialo ya Ziwa Victoria, yaani sehemu zinaposhushiwa samaki, yanafanana sana. Samaki wamekataliwa na mkaguzi "bila kupimwa". Cheti kimechelewa hadi ndege ikaondoka. Na juu ya yote, tunaambiwa kwamba masharti haya ya kuuza samaki Ulaya ni ujanja wa Wazungu wa kutubania soko, nasi wakaguzi tumekubali kuwa vibaraka wao. Ofisi imeniomba nitoe ufafanuzi. Nitautoa, ingawa mengi ya haya tumeyaeleza kwenye mikutano ya BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za mwalo, mpaka sauti zimekauka.

Vijana wengi walioko mialoni leo hawakuwepo mwaka 1997, au walikuwa wachanga, kwa hiyo nianzie hapo. Mwaka huo Hispania na Italia zilikataa minofu ya sangara kwa sababu ya bakteria wa Salmonella. Kabla hatujapumua, kipindupindu kikalipuka Afrika Mashariki, na mwishoni mwa mwaka Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Tanzania ililifikisha suala hilo Geneva, kwenye kamati ya Shirika la Biashara Duniani inayosimamia mkataba wa SPS, yaani mkataba wa usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea. Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la Chakula na Kilimo (FAO) waliiunga mkono hoja yetu kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri kwa njia ya samaki hao ni ndogo. Zuio liliondolewa katikati ya 1998. Tulikuwa na hoja nzuri, na bado tulipoteza miezi.

Mwaka 1999 ilikuwa tofauti, na huo ndio ninaotaka msomaji aukumbuke. Taarifa zilienea kwamba kuna watu wanavua kwa sumu, wakimwaga viuatilifu vya mashambani ziwani. Uganda ilisimamisha yenyewe kuuza Ulaya, kisha Aprili Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa Kenya na Tanzania pia. Hakuna aliyelazimika kuonyesha kwamba mnofu wa kiwanda fulani cha Mwanza una sumu. Sisi ndio tuliotakiwa kuonyesha kwamba hauna, na hatukuwa na la kuonyesha: hatukuwa na mpango wa kila mwaka wa kupima masalia ya viuatilifu kwenye maji, tope na samaki, na sampuli zilibidi zisafirishwe nje ya nchi kupimwa. Mnunuzi naye haoni mipaka iliyochorwa juu ya maji. Anaona ziwa moja, kwa hiyo kosa la mwalo mmoja liliwafikia wavuvi wa nchi tatu. Tanzania ilirudishiwa soko mwanzoni mwa 2000, Uganda na Kenya baadaye mwaka huohuo.

Kilichorudisha soko ni nini? Watu wengi hujibu haraka: maabara. Maabara ilikuwemo, lakini wakaguzi wa Ulaya walipokuja swali lao la kwanza lilikuwa la kiutawala kabisa: nani ana dhamana? Uganda, kwa mfano, majukumu yalikuwa yamegawanyika kati ya shirika la viwango na idara ya uvuvi, kila mmoja akiwa na kipande chake cha mamlaka. Ikabidi idara ya uvuvi itajwe wazi kuwa mamlaka yenye dhamana, wakaguzi wafundishwe upya, na uandikwe mwongozo wa kazi ili mkaguzi wa Entebbe na mwenzake wa Jinja wakague kwa namna moja. UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilisaidia katika hilo. Viwanda navyo vilitakiwa kuendesha mfumo wa HACCP, yaani kubaini ni hatua zipi za uchakataji zenye hatari, kuweka ukomo kwa kila hatua, na kuandika kila siku kwamba ukomo haukuvukwa.

Kuna wanaodhani mataifa tajiri yanalazimika kutujengea haya yote. Wasome Ibara ya 9 ya mkataba wa SPS. Inasema nchi mwagizaji "itafikiria" kutoa msaada wa kitaalamu pale masharti yake yanapomdai msafirishaji wa nchi inayoendelea gharama kubwa. Kufikiria ni kufikiria tu. Msaada umekuja, na sisi ni mashahidi, lakini mara nyingi huja kwa sura ya mashine. Mashine ya kuchambua masalia inahitaji gesi safi, vitendanishi (kemikali za kupimia), umeme usiokatika na fundi ambaye pengine anapatikana nchi nyingine. Ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ambayo maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo Nyegezi, Mwanza, ilihangaikia hadi ikaipata, haitolewi ikawekwa kabatini. Wakaguzi wa ithibati hurudi. Mizani hurekebishwa kwa ratiba. Maabara hutumiwa sampuli za siri ambazo majibu yake yanajulikana kwingine, ili ionekane kama inapata jibu lilelile. Haya hugharamiwa kila mwaka, mfadhili awepo asiwepo, na ndiyo sababu mojawapo ya ada mnazozilalamikia. Sisemi kila ada ina maelezo ya kutosha. Nasema tu kwamba kazi yenyewe ina gharama.

Sasa hilo la "kukataliwa bila kupimwa". Mkaguzi anayefungua tamvua la sangara, akaangalia rangi, akabonyeza nyama kuona kama inarudi, akanusa, kisha akachomeka kipimajoto, huyo amepima. Samaki aliyelegea, macho yamedidimia na tamvua limegeuka kahawia hahitaji kupelekwa Nyegezi. Barafu ya kutosha maana yake samaki yuko kwenye joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka tangu anapotoka majini, na haitoshi kumwagia ndoo moja ya barafu boti inapokaribia nchi kavu, baada ya kushinda juani. Tunaliona hili kila wiki na kila wiki tunaambiwa tuna roho mbaya.

Kuhusu kuchelewa, niruhusuni nieleze kipimo cha Salmonella kwa urefu, maana ndicho kinacholetea watu hasira. Gramu 25 za mnofu huchanganywa na mililita 225 za mchuzi maalumu wa peptoni wa kukuzia bakteria, zikakaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hivi, ili bakteria waliodhoofika kwa baridi wapate nguvu. Baadaye kiasi kidogo huhamishiwa kwenye mchuzi mwingine unaozuia bakteria wengine wasikue, kwa saa 24 nyingine, joto nyuzi 41.5. Kisha hupandwa kwenye sahani, saa 24 tena. Yakitokea makundi ya bakteria yenye dalili za Salmonella, huthibitishwa kwa vipimo vingine. Kwa hiyo jibu la uhakika huchukua siku kadhaa, hata meneja wa kiwanda apige simu mara ngapi. Bakteria hawapokei simu. Kiwanda chenye kumbukumbu nzuri hakisubiri sampuli moja moja ili kusafirisha, kwa sababu cheti cha afya hutolewa kwa kuangalia mfumo mzima: historia ya vipimo, kumbukumbu za joto, usajili wa mwalo walikoshushwa samaki na boti iliyowakusanya.

Ndiyo maana nasema cheti hakianzii maabara. Huanzia kwenye mwalo uliosajiliwa wenye sakafu inayosafishika, uzio unaozuia mbuzi na mbwa, maji safi, choo kinachotumika na mahali pa kunawa mikono. Choo kikiziba wiki nzima, hakuna mashine duniani itakayolirekebisha hilo kwenye mnofu. Mialo iliwahi kuboreshwa kwa fedha nyingi, na kuna mahali bomba liling'olewa na likauzwa kama chuma chakavu. Hilo hatukufanyiwa na mtu wa Ulaya.

Adhabu nazo zieleweke vizuri. Shehena ikikutwa na tatizo kwenye kituo cha ukaguzi mpakani Ulaya, taarifa huingizwa kwenye mfumo wa tahadhari wa RASFF na nchi wanachama wote huiona. Mwenye mzigo huamriwa kuuteketeza, kuurudisha au kuupa matumizi mengine yanayokubalika, na gharama ni juu yake. Kurudisha kuna ukomo wa siku 60. Baada ya hapo shehena zinazofuata za kiwanda hichohicho, zisizopungua 10, hukaguliwa kwa ukali zaidi. Samaki mbichi anayesubiri majibu hupoteza bei kila siku. Kosa likijirudia, namba ya idhini ya kiwanda inaweza kuondolewa kwenye orodha, na kiwanda kisicho na namba hakiuzi Ulaya hata mnofu mmoja. Huku nyumbani, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinampa mkaguzi uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kuzuia mzigo. Kumzuia mkaguzi ni kosa jingine kabisa, tofauti na lile mkaguzi alilokuja kulichunguza.

Kwa wanaoamini kwamba masharti ni mradi wa Wazungu, wakumbuke Machi 2021. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye ikaruhusu tena, kwa masharti ya waagizaji kusajiliwa na kila mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tulichokubaliana sote mezani. Jirani alituuliza swali lilelile la 1999: mnathibitishaje? Sumukuvu imeua watu Makueni na Kitui mwaka 2004, na hapa kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hao hawakuwa wateja wa nje.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo ofisi yangu hulizungumza kwa uangalifu, nami nitalisema kwa uangalifu pia. Mnofu wa kusafirishwa hupita mikono mingi ya ukaguzi. Mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, huingia mitaani, na ukaguzi wake hautoshi. Mwananchi anayeyanunua ana haki ya kuhoji. Jibu tulilo nalo kwa sasa ni kwamba maji, barafu na choo cha mwalo humlinda naye pia, kwa kuwa samaki ni yuleyule kabla hajafika kiwandani. Jibu hilo halitoshi, najua.

Asiyeridhika na matokeo ya maabara aombe kwa maandishi kurudiwa kwa kipimo kutoka kwenye sampuli iliyohifadhiwa, akitaja namba ya sampuli na tarehe ya kuchukuliwa. Kwa vipimo vya bakteria marudio yana mipaka yake, kwa kuwa bakteria hawasambai sawasawa ndani ya mzigo, na jibu safi la pili halifuti jibu chafu la kwanza. Asiyeridhika na uamuzi wa mkaguzi mwaloni adai fomu ya sababu za kukataliwa, naye mkaguzi analazimika kuijaza palepale. Na wakusanyaji, tafadhali, fomu za ufuatiliaji, zinazoonyesha samaki walikotoka, zijazwe na kila boti kwa wakati wake. Fomu sita za boti sita zilizojazwa kwa mwandiko mmoja, kalamu moja na saa ileile ya kushusha tunazitambua, na wakaguzi wa Ulaya wanazitambua haraka kuliko sisi.