Samaki wa dimbwi hawadondoki na mvua

Tangu tuko wadogo tunaambiwa visamaki vinavyotokea ghafla kwenye madimbwi wakati wa masika vimeshuka na mvua, na kusema kweli ukiona tope lilivyokauka likapasukapasuka, ng'ombe wanapita juu, halafu wiki tatu baadae humohumo kuna visamaki vya mkia mwekundu, utaamini tu. Ila hapana. Hao kitaalamu wanaitwa nothobranchius, wapo Zanzibar, pwani ya Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji. Wanataga kwenye tope kabla maji hayajaisha, wenyewe wanakufa, mayai yanalala humo kiangazi chote yakisubiri mvua. Aina moja ya Msumbiji inaweza kukomaa kwa siku 14 tu tangu yai lianguliwe! Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, ni habari nyingine, yule anajichimbia topeni mwenyewe mzimamzima.