Msumari, kopo na gogo la chini: jinsi ya kusoma mahame ya Montana

Ukiingia kwenye mahame ya wachimbaji huko Montana, Marekani, liache kwanza lile jengo kubwa ambalo kila mgeni analipiga picha. Inama utafute msumari. Wenye pembe nne, uliokatwa kwenye bamba la chuma, ndio uliotawala hadi miaka ya 1880. Wa mviringo, wa waya, kama huu tunaonunua leo dukani, ulishika soko miaka ya 1890. Ila usikimbilie kutangaza mwaka. Misumari ilikuwa mali. Watu waliing'oa, wakainyoosha, wakaipigilia tena. Msumari wa zamani kuliko yote haukupi umri wa nyumba. Unaokupa jibu ni ule mpya kuliko yote ndani ya kiunzi cha awali, kwa sababu nyumba haiwezi kujengwa kabla ya msumari wake kutengenezwa.

Baada ya msumari, nenda jalalani, kwa kawaida hatua chache nyuma ya nyumba, upande wa mteremko. Angalia vifuniko vya makopo. Kopo lenye tone la lehemu katikati ya kifuniko ni la mtindo wa kale. Lile lililokunjwa kingo bila lehemu lilianza kuenea baada ya 1904 hivi. Vipande vya chupa vyenye rangi ya zambarau havikutoka kiwandani hivyo. Vilikuwa havina rangi, vikitiwa manganizi ili kuondoa ukijani wa kioo, na miaka ya jua ndiyo iliyovibadilisha. Vingi ni vya kati ya 1880 na vita kuu ya kwanza.

Sasa rudi kwenye majengo, na swali liwe moja: watu walifuata nini walipoondoka?

Bannack, jina lililotokana na Wabannock, wenyeji wa asili, ilizaliwa Julai 1862 dhahabu ilipopatikana katika mto Grasshopper. Mwaka uliofuata dhahabu nyingine ikagunduliwa Alder Gulch, na umati ukahamia huko. Hata hivyo, Bannack ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Montana, wakati huo bado si jimbo kamili, 1864, kabla heshima hiyo haijahamia Virginia City. Jengo linaloeleza zaidi ni lile la matofali, ghorofa mbili. Lilijengwa 1875 kuwa mahakama ya wilaya. Mwaka 1881 makao ya wilaya yakahamishiwa Dillon, kwa kuwa reli ilipita huko na si Bannack, na baadaye jengo likageuzwa hoteli. Hukumu yote ya mji imo ndani ya badiliko hilo moja: reli ikikupita kando, hata mahakama inakuhama.

Na dhahabu bado ilikuwapo. Malundo ya kokoto yaliyopangika kando ya mto ni kazi ya dreja, yaani jahazi bapa lenye mnyororo wa ndoo linaloelea kwenye dimbwi lake lenyewe, likila mchanga mbele na kutapika mawe nyuma. Dreja ya umeme ilianza kazi hapo 1895. Ukiona malundo hayo, usitafute misingi ya nyumba chini yake. Dreja ilipopita, kilichokuwa juu ya ardhi hiyo kimekwisha.

Granite, mlimani juu ya Philipsburg, ilikufa kwa sababu nyingine kabisa. Huu ulikuwa mji wa madini ya fedha, na kilichouangusha ni bei. Juni 1893 serikali ya India ilifunga mlango wa watu binafsi kupeleka madini yao ya fedha yakapigwe sarafu za rupia, na bei ya fedha ikaporomoka ndani ya siku chache. Rupia hizo ndizo zilizokuwa zikihesabiwa sokoni Zanzibar na Mombasa. Agosti mgodi wa Granite ulikuwa umesimama na watu wanashuka mlima na mizigo yao. Mji ulioachwa kwa ghafla hivyo hutambulika kwa mashine nzito: hakuna aliyekuwa na muda wala pesa za kuziteremsha.

Garnet, mji mwingine wa dhahabu, ni tofauti tena. Kinu chake cha kwanza kilisimamishwa 1895, 1898 mji ukakaribia watu 1,000, na kufikia 1905 walikuwa wamebaki kama 150. Moto wa 1912 ulikula sehemu kubwa ya maduka. Bei ya dhahabu ilipopandishwa 1934 kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi, watu walirudi kwenye vibanda vilevile, na ndiyo maana jalala la Garnet lina tabaka mbili. Oktoba 1942 serikali ikafunga migodi ya dhahabu ili nguvu kazi iende kwenye madini ya vita.

Kinu cha enzi hizo kilikuwa mchi wa chuma wa kilo 340 hadi 450, ukidondoka karibu mara 90 kwa dakika juu ya mawe yenye maji. Tope lilipita juu ya bamba la shaba lililopakwa zebaki, iliyonasa dhahabu. Wachimbaji wa Geita na Chunya hawahitaji maelezo zaidi. Wanajua karasha, mashine ya kusaga mawe, wanajua zebaki, na wanajua marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Marudio ya Montana bado yapo, na mengi yana zebaki au aseniki. Watoto wasiyachezee, na maji ya kijito kilicho chini yake usinywe hata ukiyachemsha, maana metali haichemki ikaondoka.

Kwa nini nyumba za Garnet zinaoza haraka? Zilijengwa kwa pupa, bila msingi, gogo la chini likilala juu ya udongo. Theluji ikiyeyuka gogo linanyonya maji, linaoza, kona inazama, mlango unakwama, kenchi zinasukuma kuta nje na mwisho paa linafunguka. Mafundi wa uhifadhi huanza na paa, kisha mfereji wa kupitisha maji, ndipo gogo. Kulibadilisha, jeki huwekwa pande zote na nyumba huinuliwa kidogo kidogo kwa usawa. Kona moja ikitangulia, bomba la jiko na fremu za madirisha vinavunjika. Gogo jipya huwekwa juu ya mawe, lisiguse udongo tena. Hawapaki rangi wala kufanya nyumba ionekane mpya, na naona wako sahihi. Maji yasiyo na njia hayasubiri: mafuriko ya Julai 2013 yalibomoa jengo zima Bannack.

Hatari ambayo wageni huidharau ni panya. Kinyesi cha panya-kulungu (deer mouse) hubeba virusi vya hanta, na vumbi lake likivutwa linaweza kuua. Chumba kilichofungwa hakifagiliwi. Kifungue, ondoka nusu saa, kisha lowesha uchafu kwa sehemu moja ya jiki na tisa za maji, subiri dakika tano, ufute ukiwa umevaa glavu. Shimo la mgodi usiingie kabisa. Hewa yake inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote, na matimba, yaani miti inayoshikilia paa la shimo, yamekwisha. Baruti ya zamani inayotoa jasho usiiguse. Rudi ulikotoka, piga simu kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya.

Kuhusu kuokota: katika ardhi ya serikali kuu, sheria ya 1979 inalinda vitu vya kale vyenye miaka 100 au zaidi, na jalala mara nyingi linaingia humo. Kopo lisomwe lilipo. Likishatolewa kwenye tabaka lake, huwezi tena kujua kama mwenyewe alikuwa wa 1898 au aliyerudi 1934.