Mafuta ya breki si mafuta

"Fundi, masta nimeifungua mwenyewe, nikaiosha na petroli ikang'aa, nikapaka oili kidogo ili pistoni iteleze. Sasa tairi la mbele halizunguki." Wiki hii nimeambiwa hivyo na kijana wa bodaboda, na si wa kwanza wala wa kumi. Masta ni ile pampu ndogo kwenye mkono wa breki, inayosukuma mafuta kwenda kubana breki ya tairini.

Dhana: petroli na oili haviwezi kudhuru masta, kwani ndani si mna mafuta tayari?

Jina ndilo linalotuponza. Tunaita "mafuta ya breki", lakini DOT 3 na DOT 4, yaani aina zinazoandikwa kwenye kopo lake, hazina undugu wowote na oili. Ni kemikali za jamii ya glaikoli. Tia matone machache kwenye glasi ya maji uone: yatachanganyika yapotee. Oili ingeelea. Raba za masta zimetengenezwa ziishi ndani ya glaikoli. Zikiguswa na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida, zinafyonza na kuvimba. Raba ya kijana yule niliichomoa kwa shida, nikaiweka kando ya mpya: imenenepa, mdomo umepinduka, ukiibonyeza inalegea kama chingamu.

Na tairi lilikamata kwa nini? Chini ya kikopo cha masta, kile kinachohifadhi mafuta, kuna matundu mawili, na moja ni dogo kiasi cha kupita sindano nyembamba tu. Ukiachia breki, presha inarudi kikoponi kupitia hapo. Raba iliyovimba inaliziba. Pedi zinaendelea kubana diski, diski inapata moto, mafuta yanatanuka kwa joto, breki inazidi kujikaza. Na abiria yuko nyuma yako.

Osha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki, na raba mpya uilowanishe kwa mafuta hayo hayo kabla ya kuivisha. Kama oili imeshaingia na ukashika breki, usiishie kwenye masta: raba za kalipa (kile kifaa cha tairini kinachobana pedi kwenye diski) na paipu nazo zimeshaonja. Badilisha zote. Najua ni gharama, ila hapo sipunguzi neno.

Dhana: silinda ya masta ikichubuka ndani, msasa unatosha.

Hautoshi. Raba inaziba kwa kulalia ukuta laini, na msasa unachimba mifereji. Pitisha kucha, ikikwama, nunua masta nzima, yenye kipimo kile kile kilichoandikwa ubavuni. Kubwa zaidi haileti breki kali zaidi. Mkono wa breki unakuwa mgumu na nguvu ya kubana inapungua.

Dhana: mkono wa breki ukiwa laini baada ya kufunga, raba mpya ni feki.

Mara nyingi ni upepo tu, na hupenda kujificha kwenye boliti ya paipu pale juu kwenye masta. Toa upepo hapo kwanza, kisha kwenye kalipa. Mimi humalizia kwa kufunga mkono wa breki na mpira usiku kucha. Asubuhi ukiachia, viputo vinapanda kikoponi.

Kopo la mafuta ya breki lililokaa wazi tangu mwaka jana usilitumie. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155.

Kabla hujapakia mtu, inua tairi la mbele, shika breki mara tano, achia, kisha lizungushe kwa kidole. Likigoma, fungua upya.