Je, wajua kwa nini mlima ni "high" lakini mtu ni "tall"?

Mdogo wangu anakaribia mita mbili kwa urefu. Siku moja nilimtuma Petite Barrière, mpakani mwa Kongo na Rwanda, pale watu wa Goma na Gisenyi wanapovukia kwa miguu, akampokee mgeni asiyejua lugha yoyote ila Kiingereza. Ili mgeni amtambue katikati ya akina mama waliojitwisha nyanya na vitunguu, nilimwandikia ujumbe: "My brother is very high." Nilijua nimesema kwamba ndugu yangu ni mrefu sana. Mgeni akanipigia simu mara moja, sauti imejaa wasiwasi, akaniuliza kama si heri ajitafutie teksi mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia kuwa mdogo wangu amelewa bangi.

Baada ya hapo nilirudia kanuni tuliyopewa shuleni: "tall" ni ya watu, "high" ni ya vitu. Niliishika kwa miaka, nikawafundisha na wengine. Kanuni hiyo bado inazunguka mjini kwetu, imeandikwa kwenye madaftari mengi, na si ya kweli. Nimeona niieleze vizuri, kwa sababu anayeifuata hukosea akiwa na uhakika, na kosa la namna hiyo ndilo gumu kuling'oa.

Tazama inavyovunjika. Mti ni "tall". Jengo la ghorofa ni "tall", nguzo ya umeme ni "tall", hata bilauri ndefu ya juisi ni "tall". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni mtu, na vingi havina uhai. Upande wa pili, fundi aliyepanda juu ya paa kupigilia bati anaweza kuelezwa kwa "high up", naye ni mtu mzima anayepumua. Kwa hiyo utu na uhai havihusiki kabisa.

Wengine husema tofauti ni ya kiwango, eti "high" ni urefu uliozidi ule wa "tall". Hilo nalo halisimami. Rafu iliyopigiliwa ukutani mita mbili kutoka sakafuni ni "high". Mdogo wangu mwenye karibu mita mbili zilezile ni "tall". Futi ya kupimia ni moja, kipimo ni kilekile, neno limebadilika.

Kinachobadilika ni mahali unapoanzia kupima. "Tall" hukipima kitu chenyewe, kutoka nyayo zake hadi utosini. "High" hupima kutoka chini, yaani ardhini, sakafuni au baharini, hadi pale kitu kilipo au kilele chake kilipofika.

Chukua mtoto wa miaka minne umsimamishe juu ya meza. Kichwa chake sasa kimempita baba yake aliyesimama kando. Je, amekuwa mrefu kuliko baba? Hapana, mwili wake haujaongezeka hata sentimita moja. Yuko juu tu, basi. Hiyo ndiyo "high". Mshushe, naye amebaki na urefu wake aliokuja nao, ambao Mwingereza ataupima kwa "tall".

Au angalia jiko la nyumbani. Karibu na dari kuna kidirisha cha kutolea moshi, hakizidi nusu mita, nawe huwezi kukifikia bila kigoda. Hicho ni dirisha "high", wala si "tall". Sebuleni kuna dirisha lingine linaloanzia karibu na sakafu na kupanda hadi karibu na dari. Hilo ni "tall", na mtoto anayetambaa analigusa. Madirisha mawili ndani ya nyumba moja, na kila moja lina neno lake.

Sasa njoo kwenye mlima wetu. Nyiragongo ina mita 3,470, lakini hizo zimehesabiwa kutoka usawa wa bahari, na bahari iko mbali nasi mno. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi. Ukisimama ufukweni Goma ukauinulia mlima macho, unachokiona kikipanda mbele yako ni kama mita 2,000 tu. Nyingine umezikanyaga tayari. Kwa sababu milima huhesabiwa kutoka baharini, Kiingereza huielekeza kwenye "high". Ndiyo maana waandishi wa jiografia walio makini husema Everest, yenye mita 8,849 juu ya bahari, ni mlima "high" kuliko yote, ilhali Mauna Kea wa Hawaii huitwa "tall" kuliko yote: juu ya maji una mita 4,207 tu, lakini ukiupima tangu kitako chake chini ya bahari unapita mita 10,000. Mfano huu unanipendeza kuliko mingine yote. Milima miwili inagombea taji, na kumbe mataji yenyewe ni mawili.

Hii si sheria ya chuma. Waingereza wengi husema "tall mountain" bila mtu kushtuka, na jengo huweza kuitwa "high" pia. Umbo nalo lina sauti yake: "tall" hupenda kitu chembamba kilichosimama, ndiyo maana ukuta, ambao kwa kawaida umetanuka kuliko ulivyopanda, huwa "high". Bei, homa na mwendo wa gari hufuata "high" vilevile, kwa kuwa hupanda kutoka sifuri kama maji ndani ya ndoo.

Sisi tuliopita shule ya Kifaransa tulikuwa na msaada mkononi: mtu ni "grand", mlima ni "haut". Kilichotuvuta upande mwingine ni Kiswahili chetu, ambamo mtu, mlima, kamba na safari vyote ni virefu.

Ukikwama, uliza kinyume. Kinyume cha "tall" ni "short", cha "high" ni "low". Njia hii imenifaa zaidi kwa neno letu "mbichi". Nenda sokoni Kituku, hapa Goma, asubuhi, pale sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliovuliwa usiku wanapomwagwa kwenye mabeseni, bado wanang'aa kama sindano. Mama muuzaji akisema "mbichi", anajivunia kwamba wametoka ziwani sasa hivi, hawajalala. Kinyume chake ni waliochacha au waliokaushwa, kwa hiyo neno ni "fresh". Ukimtafsiria mgeni kwa "raw", utakuwa umemwambia tu kwamba moto haujawagusa, na sifa ya mama imepotea njiani. Ndizi mbichi, ambayo kinyume chake ni mbivu, ni "unripe". Kuni mbichi, kinyume chake kavu, ni "green", hata zikiwa na rangi ya kahawia.

Kuna jozi ambazo kinyume hakizitenganishi. Chai iliyokolea ni "strong", injini ya lori ni "powerful", na kinyume cha zote mbili ni "weak". Hoja huweza kubeba neno lolote kati ya hayo mawili, lakini chai hukataa "powerful". Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na mwanafunzi wake M. A. K. Halliday akautumia mfano huohuo wa chai miaka michache baadaye. Hapa hakuna cha kupima, kuna mazoea tu: upepo ni "strong", mvua ni "heavy".

Mgeni yule wa mpakani, ambaye siku hizi anajifunza Kiswahili, aliniuliza kwa nini giza ni totoro na jua haliwi totoro. Nilitafuta jibu tangu pale mlangoni hadi chai ilipopoa, nikamwambia ndivyo tunavyosema.