Riwaya juu ya khanga: yanayosemwa na ukweli wake

Mkoba wa khanga ulioshonwa kwa kuipenda riwaya fulani, hereni za karatasi zilizosokotwa kwa maneno yake, jalada la kitambaa linalovishwa kitabu: kazi hizi zinataka fundi na msomaji wawe mtu mmoja. Msomaji akilala, kinachotoka ni mkoba wa kawaida uliobandikwa jina la kitabu. Fundi akilala, mkoba unapendeza wiki mbili, masika ikiingia unaota ukungu. Kwenye maduka ya khanga ya Mtaa wa Uhuru na kwenye meza za steshenari za Kariakoo, kuna maneno yanayorudiwa sana kuhusu kazi hizi, na mengi si kweli. Haya ndiyo yanayowapotezea watu vitambaa na siku.

"Ukichapa picha ya jalada, kazi ya riwaya imekamilika"

Hapo umenakili kazi ya mchoraji tu. Riwaya yenyewe hujaigusa. Ndani ya riwaya kuna vitambaa, vyombo, rangi, hesabu, na huko ndiko pa kuchota. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nchi yake inaelea angani, na wajumbe 6 wanatumwa pande 6: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Hesabu hiyo peke yake ni muundo uliokwisha kuchorwa. Tengeneza mkoba wa duara wenye vipande 6 vya pembetatu vinavyokutana katikati: vinne vya khanga za rangi tofauti, kimoja cha samawati kwa mbingu, kimoja cha kaniki kwa ardhi. Aliyeisoma atautambua mkoba huo bila herufi hata moja.

Sasa upande wa fundi. Kila pembetatu ina pembe ya digrii 60 kwenye ncha, na unaiongezea sm 1 ya kushonea pembeni. Ukikosea milimita 2 tu kila upande, kosa linajirudia mara 12 kuzunguka duara, yaani zaidi ya sm 2, na katikati panavimba kama chapati iliyoingia hewa. Pasi haiwezi kulaza uvimbe huo. Dawa ni kushona vipande vitatu vitatu, upate nusu duara mbili. Kila nusu ipige pasi, weka rula juu yake, nyoosha ule ukingo ulionyooka kwa kukata kilichozidi, ndipo uziunganishe kwa mshono mmoja wa moja kwa moja.

Mfano mwingine ni Kuli ya Adam Shafi (1979), riwaya ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar. Gunia la katani lenye mishikio ya kamba linaisema riwaya hiyo vizuri kuliko mchoro wowote wa meli. Ila gunia hufumuka ukilikata kavu. Paka gundi nyeupe ukanda wa sm 2 juu ya mstari utakaokata, acha ikauke kabisa, ndipo upitishe mkasi katikati ya gundi. Bitana ni lazima, maana nyuzi za gunia hulalua pembe za kitabu na kuacha vumbi kati ya kurasa.

"Riwaya ya Kiswahili ni pwani: weka khanga, kofia na jahazi"

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni ya Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria. Ukiipambia jahazi na mlango wa Kizanzibari, msomaji wake atajua hukuifungua. Kipande cha wavu wa kuvulia kilichoshonewa juu ya kitambaa cha kijivu kingeitendea haki zaidi.

Hata pwani yenyewe ina nyakati zake. Hadithi ya katikati ya karne ya 19 ina merikani, yaani pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani, na ina kaniki, ile nguo nyeusi ya bluu iliyoiva. Khanga inaingia mwishoni mwa karne hiyo. Ukitengeneza mwanasesere wa mhusika wa zama zile ukamvisha kitenge cha maua, umemvalisha nguo za wajukuu zake. Merikani si ngumu kuipata: ulizia pamba isiyopaushwa dukani, ioshe, na uiache na rangi yake ya maziwa.

"Khanga ni pamba, kata tu"

Kwanza, si kila khanga ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibanio juu ya sahani, ziwashe. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Yenye poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Hiyo ya pili usiipige pasi ya moto mkali. Itang'aa vibaya na haitarudi.

Pili, khanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya isimame vizuri dukani. Ukishona kabla ya kuutoa, jalada lako litarudi likiwa limejivuta mara ya kwanza tu litakapooshwa. Weka alama mbili za penseli zenye umbali wa sm 50, loweka khanga nusu saa, suuza, anika kivulini, piga pasi ikiwa bado na unyevu, kisha pima tena. Ukikuta 48, imepungua asilimia 4, na upungufu huo ungetokea ndani ya mshono wako.

Na hapa kuna imani iliyoota mizizi kwelikweli: kwamba kuloweka kwenye maji ya chumvi kunashika rangi. Chumvi ina kazi yake kwenye sufuria ya kutilia rangi, kwa baadhi ya rangi, wakati nguo inapotiwa. Nguo iliyokwisha kuchapwa haishikwi na chumvi. Rangi inayotoka ni ile iliyozidi, na inaondolewa kwa kusuuza mpaka maji yawe meupe. Ukimaliza, sugua kitambaa cheupe chenye maji juu ya sehemu nyekundu. Kikichukua rangi, suuza tena. Kikiendelea kuchukua, usiiweke khanga hiyo jirani na bitana nyeupe wala ukurasa wa kitabu.

"Jina la khanga litakaa popote"

Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina kwa chini. Kwa kazi ya vitabu ni zawadi isiyo na mfano, maana ni vazi lililozoea kubeba maneno tangu zamani. Lakini jina lina urefu wake, na mara nyingi linafika au kuzidi nusu mita. Mbele ya riwaya ya kawaida ni sm 11. Mtu akinunua doti yenye "Hasidi hana sababu" akakata bila kupima, jalada la kwanza litabeba neno HASIDI peke yake, na atamkabidhi rafiki yake siku ya kuzaliwa. Jina ni la mkoba mkubwa, mto wa kiti au mgongo wa koti. Kwenye jalada la kitabu tumia pindo, likae wima kando ya uti wa kitabu.

Vipimo vya jalada la kitabu chenye kimo cha sm 18, upana wa sm 11 na unene wa sm 1.2 ni hivi. Kimo cha kitambaa ni 18, jumlisha nusu sentimita ya nafasi, jumlisha sm 2 za kushonea, jumla 20.5. Upana ni 11 mara mbili, na 1.2 ya uti, na nusu ya nafasi, na mifuko miwili ya sm 6 ya kuingiza jalada la kitabu, na sm 2 za kukunja: 37.7, kata 38. Pima kitabu kikiwa kimefungwa. Wanaopima kikiwa kimelazwa wazi hupata jalada linalovalika vizuri ila kitabu hakifungi, kinabaki kimetanua kama mdomo.

Khanga peke yake ni laini mno. Bandika nyuma yake kwa pasi kile kitambaa kigumu ambacho mafundi huweka ndani ya kola, lakini kiishie sm 1 kabla ya kingo zote ili mishono isiwe minene. Kunja kingo mbili fupi sm 1 kila moja na uzishone. Laza kitambaa uso juu, kunja mifuko ya sm 6 kuelekea ndani, uso kwa uso. Funika katikati kwa bitana ya sm 20 kwa 20.5, uso wake chini, ili ipande juu ya mifuko pande zote mbili. Shona juu na chini, sm 1 kutoka ukingoni. Punguza pembe, geuza, sukuma pembe kwa kijiti kisicho na ncha kali. Kinachoharibika mara nyingi hapa ni bitana fupi: isipozifikia kingo za mifuko, ukigeuza unakuta upenyo unaoonyesha nyuzi.

"Karatasi ya kitabu chenyewe ndiyo bora kwa hereni"

Hili linauma, maana matoleo ya zamani ya riwaya zetu si mengi, na kila nakala inayochanwa haifidiwi. Hata kwa ufundi tu halina faida. Karatasi ya bei nafuu iliyochapiwa riwaya nyingi imebaki na lignini ya mti, ambayo hugeuka njano kwa mwanga na hewa, nayo karatasi huwa kavu; ukiisokota inakatika kwenye mkunjo. Piga fotokopi ukurasa mmoja kwenye karatasi mpya. Iwe fotokopi au printa ya leza, kwa sababu unga wake umeyeyushiwa kwenye karatasi na hauogopi maji ya gundi. Wino wa printa nyingi za kunyunyizia huchuruzika mara gundi inapougusa, na maneno yanageuka moshi.

Watu hupenda shanga ya karatasi ya pembetatu, yenye tumbo. Ni nzuri, ila haionyeshi maneno. Kinachoonekana ni kingo na ile ncha ya mwisho. Ukitaka neno lisomeke, kata mstatili wa sm 1.2 kwa sm 21, kwa kufuata upande mfupi wa A4, maana mistari ya maandishi inaelekea huko, na kwa karatasi nyingi za A4 nyuzi hulala kwa urefu, hivyo kipande hicho kinasokoteka bila kukaidi. Anza kusokota kwenye kijiti cha meno kutoka mwisho ule usio na neno. Shanga yenye unene wa milimita 5 ina mzunguko wa takriban milimita 16, kwa hiyo neno lako lisizidi sm 1.5, la sivyo mkia wake utafunikwa na kichwa chake.

"Gundi ni gundi, vanishi ni vanishi"

Gundi nyeupe inafaa karatasi na kadibodi, lakini nyingi hulainika zikipata maji, na shingo ya mtu aliyepanda daladala ya Mbagala saa nane mchana ni maji. Ndiyo maana shanga lazima ifunikwe na vanishi, tabaka tatu nyembamba, ukiziba na matundu mawili ya pembeni, ambako jasho hupenya kwanza. Tabaka moja nene halifai: juu linakauka, ndani linabaki bichi, na shanga zinagandana ndani ya pakiti.

Vanishi ikipakwa siku ya mvua, Machi hadi Mei, mara nyingi huingia weupe kama maziwa. Watu hulaumu dukani. Sababu ni unyevu: dawa inapovukiza hupoza uso wa shanga, maji ya hewani yanatua juu yake na kunaswa. Paka mchana kukiwa na jua, ndani ya chumba, mbali na jiko linalochemka, na acha siku nzima kati ya tabaka na tabaka.

Mikoba ya ukili ina tatizo la jamaa hiyohiyo. Ukiutia bitana ukiwa na unyevu, ukungu unakua mahali usipopaona. Uanike jua la siku mbili kabla ya kushona bitana, wala usiuweke kwenye mfuko wa plastiki.

"Riwaya ya zamani haina mwenyewe"

Umri wa kitabu hauamui. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, hivyo muda wake ulikwisha 2012. Kezilahabi alifariki 2020, na maneno yake yanalindwa hadi 2070, hata yale ya 1971. Mchoro wa jalada nao una mwenyewe, awe mchoraji au mchapishaji, hata kama kilicho ndani kimekwisha kuwa huru. Kudarizi sentensi kwenye mto wa nyumbani kwako ni jambo moja. Kuuza mito 40 yenye sentensi hiyo ni jingine, na hapo andikia mchapishaji au ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Rangi, vitu na hesabu ulivyovichota ndani ya riwaya, kama ule mkoba wa vipande 6, havihitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa sheria hailindi wazo.

"Bei ni vifaa mara mbili"

Kanuni hii inawaumiza wanaodarizi kuliko wote. Sentensi ya maneno 8, herufi za sm 1, kwa nyuzi mbili kati ya zile sita za uzi wa kudarizi, hula uzi kidogo sana, lakini inaweza kula saa 2 na zaidi. Andika muda wa kila hatua kwenye daftari kwa vipande vitatu vya kwanza, kuosha na kupiga pasi kukiwamo, chukua wastani, uuzidishe kwa ujira wa saa unaoukubali, ndipo uongeze vifaa. Usisahau sindano: gunia la katani huzitia butu, na sindano butu ya cherehani huanza kuvuta nyuzi za khanga kabla hujaona imeharibika.