Askari wa Posta na majina yaliyosahauliwa: dhana potofu kuhusu waliopigana vita

Katika makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam, amesimama askari wa shaba aliyeelekeza singe ya bunduki yake upande wa bandari. Watu huahidiana kukutana hapo na daladala hutajwa kwa kupita karibu yake, lakini ukiuliza ni askari wa nani utajibiwa kwamba ni wa Mjerumani, au kwamba ni mpigania uhuru.

Majibu hayo yote mawili si sahihi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwezi Septemba 1916. Wazee waliendelea kuiita ile iliyoondolewa sanamu la Bismini, ambalo ni jina la Wissmann kama lilivyotamkwa na wenyeji. Sanamu tunayoiona leo iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, na maandishi yake, yenye maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanawakumbuka askari Waafrika pamoja na wapagazi, ambao wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri, lakini hayamtaji kwa jina hata mmoja wao.

Dhana ya pili inahusu Kariakoo. Wengi wanadhani ni jina la soko tu, lisilo na historia zaidi ya biashara. Ukweli ni kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kilikuwa na kambi yake eneo hilo baada ya mji kutekwa. Hapakuwa na barabara za kupitisha magari ya kutosha, na farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, kwa hiyo chakula na risasi za jeshi zima zilibebwa vichwani mwa watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Hapa ndipo dhana nyingine inapoanguka, ile ya kwamba vitani mtu hufa kwa risasi. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu za Waingereza wenyewe zinakaribia vifo 95,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi hiyo ni pungufu. Kila tunapokwenda Kariakoo kununua vitenge au nyanya tunalitamka jina la kikosi chao, na inaniuma kwamba wengi wetu hatujui.

Inasemwa pia kwamba kila aliyekufa alipewa heshima sawa. Ukiyaona makaburi ya vita yaliyopo Barabara ya Bagamoyo, yenye mistari iliyonyooka na nyasi zilizofyekwa vizuri, ni rahisi kuamini hivyo. Hata hivyo, mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume hiyo iliomba radhi.

Dhana inayohitaji kujibiwa kwa uangalifu zaidi ni ile inayosema kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu, na kwa hiyo hatuna wajibu wowote kwa waliovipigana. Sehemu yake ya kwanza ni kweli, kwa kuwa si Mwafrika aliyevianzisha. Sehemu ya pili haifuati kutokana na ya kwanza, kwa sababu aliyeburutwa kwenye vita vya mwenziwe hakuumia kidogo kuliko aliyevitaka. Kleist Sykes wa Dar es Salaam alikuwa upande wa Wajerumani chini ya kamanda wao, von Lettow-Vorbeck. Mwanawe, Abdulwahid, alikwenda Burma na jeshi la Waingereza, lile ambalo watu waliliita Keya (yaani KAR, King's African Rifles), katika Vita Kuu ya Pili, kisha akarudi na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa TANU, chama kilichodai uhuru, mwaka 1954. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa mji huu huu, aliwatumikia Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto, akadai Berlin nishani ya mpiganaji na kunyimwa, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kumkumbuka mtu kama huyo si kuusifu ukoloni.

Kuhusu Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nitasema machache. Wapo wanaodhani kwamba ni siku ya Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, peke yake. Inawahusu wote waliotumikia, wakiwamo walinda amani wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliouawa Semuliki, Kongo, mwezi Desemba 2017. Tena si siku ya marehemu tu, kwani baada ya Rais kuweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa na Mkuu wa Majeshi kuweka sime, huwapo pia mzee aliyepigana vita anayeweka shoka.

Wazee hao ndio tulionao sasa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978, alipovuka Mto Kagera, leo anakaribia 70, na majina ya wenzake ambao hawakurudi bado anayakumbuka. Mwenye babu au mjomba wa namna hiyo huko Mbagala, Temeke au Gongo la Mboto akae naye jioni moja, amuulize kikosi chake kilikuwa kipi na alikuwa na nani, kisha ayaandike majina hayo moja baada ya jingine.